Venye utapiga simu kipindi cha asubuhi cha redio na shida ya mtaa wenu ishughulikiwe

Mimi ni fundi wa nguo, niko Huruma hapa Nairobi, na redio ya pale kwa cherehani yangu inawashwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi haizimwi mpaka watu wa lunchi waanze kupita. Kwa hivo vipindi vya asubuhi navijua, vile vya kuongelea mambo ya mtaa na siasa, wasikilizaji wanapiga, mheshimiwa anaitwa studio. Na kitu inaniuma karibu kila siku ni kusikia mtu ako na shida ya ukweli kabisa, amengoja laini nusu saa, alafu akipewa nafasi anamaliza dakika yake akisalimia watu na kulia ati serikali imetusahau, prezenta anamwambia asante sana kwa mchango wako, tuende kwa mwingine. Imeisha hivo.

Nilifanya hivo hivo mara ya kwanza. Mulika mwizi ya steji yetu, ile taa kubwa ya juu ya mlingoti, ilikuwa imezima miezi miwili, watu wanaporwa simu wakitoka kazi, mama mmoja wa chapati alikuwa amehamisha jiko lake kabisa juu giza ilimfukuzia wateja, nikapiga nikaongea kwa uchungu sana na hakuna kitu ilifanyika. Mara ya pili nikapiga nikiwa na karatasi mkononi. Hio tofauti ya simu ya kwanza na ya pili ndo nataka kuwaandikia hapa, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: chagua stesheni, na uisikize wiki moja kabla hujapiga

Kuna stesheni kubwa zinashika nchi nzima na kuna zile ndogo za mtaa. Wengi wanakimbilia kubwa wakidhani sauti ikienda mbali ndo shida inaisha haraka, na si lazima iwe hivo. Koch FM ya Korogocho, Pamoja FM ya Kibera, Ruben FM ya Mukuru kwa Ruben na Mtaani Radio ya Kawangware zote ziko kwa 99.9, namba ni ile ile, na zinaishi pamoja juu mitambo ya kila moja ina nguvu kidogo tu ya kushika mtaa wake na majirani. Sasa fikiria hio inamaanisha nini kwako wewe unapiga simu. Prezenta anajua ule mtaro unaongelea uko nyuma ya kanisa gani, pengine ameuruka akikuja kazi, na vijana wanaozunguka na MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, wako kwa kinyozi hapo chini wanasikiza hio hio stesheni, kabla umalize kuongea mtu ashampigia bosi wake simu. Kama shida ni ya wadi, anza na redio ya hapo karibu.

Kama ni kitu kinagusa mitaa mingi, nauli, bei ya unga, polisi kusumbua vijana, ushuru, hapo nenda kwa zile kubwa. Ghetto Radio 89.5 wanaongea Sheng na vijana wengi wako hapo, kwa hivo kama shida ni ya vijana ukipiga huko utaeleweka bila kutafsiriwa.

Hio wiki moja ya kusikiza usiiruke. Andika laini zinafunguliwa saa ngapi, mgeni anakuja siku gani, prezenta yupi anauliza maswali ya kufuatilia na yupi anapenda tu stori. Angalia pia mada ya siku. EPRA, wale wa serikali wanaosimamia bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya tarehe 14, asubuhi ya tarehe 15 karibu kila studio ni hio stori tu, ukipiga ya mtaro uliojaa utatolewa kwa laini kabla ufike hewani na hawajakukosea. Ngoja siku mbili.

Hatua ya 2: jua shida ni ya ofisi gani

Hapa ndo watu wengi wanapotelea, na ndo mahali nataka tukae kidogo.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iligawa kazi. Kaunti ilipewa taka, maji na maji taka, masoko, zimamoto, chekechea, barabara za kaunti, na hospitali za kaunti kama Pumwani na Mama Lucy. Serikali kuu ikabaki na polisi, shule za msingi na za sekondari, barabara kuu, na hospitali za rufaa kama Kenyatta. Ukilaumu gavana juu ya kituo cha polisi, atakuja mtu wake hewani aseme kwa upole kabisa hio si kazi yetu, na atakuwa amesema ukweli, na nafasi yako imeenda.

Chukua mfano wa shule. Unaeza kupata geti moja, uwanja mmoja, watoto wanavaa sweta ya rangi moja, lakini darasa la chekechea liko chini ya kaunti na darasa la kwanza hapo kando liko chini ya serikali kuu, alafu lile darasa jipya lenye mabati ya kung'aa limejengwa na pesa ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, ambayo inapitia kwa ofisi ya mbunge. Kwa hivo ukisema paa la shule linavuja, sema ni darasa gani. Hilo neno moja ndo linaamua simu itapigiwa nani.

Barabara nayo ni hivo. Thika Road iko na KeNHA, wale wa barabara kuu za nchi, za mjini zingine ziko na KURA, wale wa barabara za mijini, zile ndogo za kuingia mtaani mara nyingi ni za kaunti. Kama kuna ujenzi ulianza ukakwama, tafuta kile kibao cha mradi, hata kama kimeanguka kando ya barabara, kimeandikwa mkandarasi ni nani na ofisi iliyompa kazi ni gani. Kipige picha leo, juu vibao huwa vinapotea.

Nairobi iko na maeneo bunge 17 na wadi 85, na unashangaa mtu ameishi mahali miaka kumi hajui wadi yake inaitwaje. Jua jina la wadi, ndo kitu ya kwanza mheshimiwa atauliza. Na ukiuliza mambo ya basari sema ni ya mbunge ama ya kaunti, juu ziko mbili na kila ofisi itakuelekeza kwa nyingine. Ukikosa kujua shida ni ya nani, uliza kwa chifu, ama piga stesheni baada ya kipindi uongee na prodyusa, hao watu wanajua juu wamesumbuliwa na haya maneno miaka mingi.

Hatua ya 3: andika kwa karatasi

Usitegemee kichwa. Ukishaambiwa "uko hewani" moyo unaenda mbio na kila kitu ulikuwa umepanga kinapotea. Andika mahali penyewe, tangu lini, nani ameumia, umeshaenda wapi, alafu swali moja. Moja peke yake.

Yangu ya mara ya pili ilikuwa hivi, bado niko nayo imekunjwa ndani ya kitabu ya vipimo:

"Habari za asubuhi. Naitwa Fundi, niko Huruma. Taa kubwa ya steji yetu imezima tangu tarehe 9 mwezi wa pili. Tumepeleka barua mara mbili, ya mwisho iko na muhuri wa tarehe 4 mwezi wa nne. Watu wanne tunaowajua wameporwa hapo usiku, na mama mmoja amehamisha biashara. Namba ya mlingoti ninayo, nitampea prodyusa. Swali langu ni moja, ofisi inayohusika itatuma mtu siku gani?"

Nilijipima na saa ya simu, sekunde arobaini nikisoma polepole. Jipime pia, kama inapita dakika moja kata. Kitu ya kwanza kukata ni maneno ya uchungu, najua inauma kuyaacha, lakini mtu anasikia tarehe na hesabu ya walioporwa na uchungu anauona mwenyewe.

Na hilo swali la mwisho ndo roho ya hio karatasi. Ukiuliza "mbona mmetusahau" mheshimiwa ashajibu hio mara mia, atakwambia hatujawasahau, tunawapenda, tunafuatilia. Ukiuliza "siku gani" hawezi kujibu na mapenzi. Lazima aseme siku, ama aseme hajui, na yote mawili yamerekodiwa na mtaa mzima umesikia.

Hatua ya 4: kupiga yenyewe

Weka kredo ya kutosha kabla, juu ukiwekwa kungoja laini dakika zinahesabiwa, na kupigwa chini na kredo wakati prezenta anasema jina lako ni kitu inavunja roho. Anza kupiga dakika chache kabla laini zitangazwe. Wakitangaza kila mtu anapiga pamoja. Ikiwa bize kata, piga tena, usingoje.

Anayeshika kwanza mara nyingi si prezenta, ni prodyusa, na atakuuliza unataka kusema nini. Hapo uko na sentensi mbili tu. "Taa ya steji ya Huruma imezima tangu mwezi wa pili, niko na barua yenye muhuri" inatosha, akisikia muhuri anajua huyu si mtu wa kelele. Usimwambie "nataka tu kuchangia", wanaochangia tu ni wengi.

Ukishaingizwa kwa laini punguza redio mpaka chini kabisa, ama afadhali toka hapo ilipo. Hii wanaisema kila siku na bado watu hawafanyi. Matangazo ya stesheni zingine huchelewa sekunde chache makusudi ndo mtu akitukana wamkate kabla haijafika kwa watu, na ukisikizia kwa intaneti inachelewa zaidi, sasa wewe ukisikia sauti yako mwenyewe inarudi nyuma unachanganyikiwa unanyamaza, na prezenta anafikiria laini imepotea. Usiweke simu spika. Usipige ukiwa ndani ya matatu. Mimi huwa naingia kile chumba kidogo nyuma ya duka nafunga mlango, nguo zilizoninginia pale zinameza kelele.

Laini zikikataa kabisa tuma rekodi ya sauti kwa WhatsApp ya stesheni, chini ya dakika moja, jina na mtaa mwanzoni. Hizo huwa wanacheza sana, na zina uzuri wake juu unaeza kurudia mpaka itoke sawa.

Kitu ingine, ongea na majirani. Watu watatu wa mtaa mmoja wakipiga asubuhi moja, kila mtu na upande wake wa shida ile ile, prezenta anaanza kuona hii si stori ya mtu mmoja. Mama aliyehamisha biashara apige mwenyewe aseme alikuwa anauza mpaka saa ngapi na sasa anafunga saa ngapi. Lakini kila mtu aseme ukweli wake, msipeane maneno ya kukariri, inasikika.

Hatua ya 5: ukiwa hewani

Salimia mara moja, ingia kwa jambo. Prezenta akikukatiza na swali, mjibu hilo swali kwanza, usirudi kusoma karatasi kama hujamsikia.

Usiseme fulani ameiba kama huna karatasi ya kuonyesha, unaeza kushtakiwa wewe na stesheni pia. Sema "pesa ilitangazwa, kazi hatujaiona, tunaomba maelezo." Hio ni salama na inauma zaidi. Mtoto aliyedhulumiwa usimtaje jina, wala jina la mama yake, wala nyumba wanayoishi, hata kama mtaa wote unajua.

Kabila usiguse. Sisi tuliokuwa hapa wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, tunajua redio inaeza kufanya nini, kuna zilizochochea na kuna zilizotuliza watu, na kuna mtangazaji alifikishwa mpaka ICC, ile mahakama ya kimataifa ya jinai, kule The Hague, kesi yake ikakatizwa 2016. Ukiona prezenta amekukata ghafla juu umesema "hawa watu wa pale", usimchukie. Ako na leseni ya kulinda na ako na kumbukumbu.

Na usalama wako ufikirie kabla, si baada. Jina moja na mtaa zinatosha. Kama unachoripoti kinahusu wanyakuzi wa ardhi, genge, ama askari wenyewe, usipige na sauti yako kabisa. Mtafute prodyusa pembeni umpe habari, mwambie hutaki kutajwa, wao ndo watauliza.

Mheshimiwa akiwa studio

Hii siku ni dhahabu, ipange. Uliza pesa ni ngapi na kazi inaisha lini, basi. Akijibu "tumeweka kwa bajeti", muulize bajeti ya mwaka gani, juu mwaka wa pesa wa serikali unaanza tarehe 1 mwezi wa saba, na "tumeweka" inaeza kuwa ya mwaka uliopita ambayo imeshaisha.

Kalenda ndo kitu watu wa mtaa hatuambiwi. Kufikia tarehe 28 Februari kaunti inapaswa kuwa imepeleka kwa bunge lake ile karatasi ya mpango wa matumizi, na kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yenyewe. Hapo katikati ndo kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Kwa hivo ukitaka barabara ama soko, piga simu Januari na Februari, piga tena Aprili na Mei, na uulize kikao cha wadi yenu kitafanyika ukumbi gani. Ukipiga Agosti kudai barabara mpya, pesa ishagawanywa, utapewa ahadi tu. Kutengeneza kitu kimeharibika ni tofauti, hio dai mwezi wowote.

Hatua ya 6: baada ya simu

Simu ikiisha ndo kazi imeanza. Andika hapo hapo kwa kitabu: tarehe, kipindi gani, nani alijibu, alisema nini. Mwambie prodyusa unaomba ile sehemu ya rekodi, ama urekodi mwenyewe na simu ya jirani.

Kisha peleka barua. Fupi, ukurasa mmoja, "kufuatia majibu yaliyotolewa redioni tarehe fulani". Toa kopi, wakupigie muhuri wa kupokea kwa kopi yako, na usiondoke bila huo muhuri hata ukiambiwa mwenye muhuri ameenda chai. Ngoja arudi kutoka chai.

Ukitaka kuona karatasi za mradi wenyewe, mkandarasi ni nani, amelipwa ngapi, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inatokana na kifungu cha 35 cha Katiba. Raia yeyote anaandika kuomba, huhitaji kueleza sababu, na ofisi iko na siku 21 kukujibu. Kama habari yenyewe inahusu uhai ama uhuru wa mtu ni saa 48. Wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume ya kupokea malalamiko juu ya ofisi za serikali. Hii sheria ni ya kila mtu, na mimi naomba muitumie, juu mtu wa kawaida akiingia ofisi na kuitaja kwa jina, venye anaongeleshwa inabadilika hapo hapo kwa kaunta.

Weka ile siku ya 21 kwa kalenda. Ikifika na hakuna jibu, rudi kwa kipindi, sasa uko na kitu mpya ya kusema na prodyusa atakuingiza haraka juu anakukumbuka: "mliniuliza nimefuatilia, nimefuatilia, barua ni hii, siku 21 zimeisha."

Na ikitengenezwa, piga pia. Hii watu hawafanyi na inaumiza wale wanaokuja nyuma, juu prezenta akisikia simu ya kusema asante, taa imewaka, anajua ile dakika aliyokupa ilifanya kazi na kesho atampa mwingine. Yetu iliwaka siku ya alhamisi jioni, wiki ya tatu baada ya ile simu ya karatasi. Nilipiga ijumaa asubuhi kusema hivo, nikataja jina la yule fundi wa taa aliyepanda mlingoti, juu alifanya kazi mpaka saa mbili usiku. Mama wa chapati alirudi na jiko lake jumatatu, na jumanne jirani yake wa mitumba akaja kwangu na kalamu, akitaka namba ya stesheni na kuuliza mtaro uko chini ya nani.